Kemunto Hayupo Shuleni Leo

Nyaramba, Nyamira
Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana mara ya mwisho tulipoongea ulisema linakuuma ukisujudu, kisha ukageuza mazungumzo upesi kama kawaida yako. Umeenda zahanati, au umejipaka mafuta ya karafuu ukajiona daktari? Mimi kwa mwili ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku nimeizoea, ndizi za kupikwa nimezizoea, hata kulala na soksi nimezoea. Usinicheke.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali simu ipo. Nikikupigia utanikatiza kabla sijafika katikati, uniambie nisijali, Mungu mkubwa, nami nitanyamaza na jambo libaki kooni. Nataka ulisikie lote kwanza. Basi vaa miwani, uketi.

Muhula huu shule yetu ililetewa vishikwambi, vile vibao vya kioo nilivyokuambia. Mwalimu mkuu aliuliza nani atajaribu kufundisha navyo, na mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Wanijua. Wenzangu wenye mvi walitazama dirishani. Na kweli, Mama, siku za kwanza nilifurahi. Niliwaonyesha watoto wa Gredi ya Sita moyo unavyodunda, damu inaingia huku inatokea kule, na darasa zima likasogea mbele litazame. Msichana mmoja anayekaa mbele, Kemunto, akauliza kwa nini moyo haupewi mapumziko kama sisi. Nilicheka mpaka machozi. Ana miaka kumi na mitatu, kifungua mimba wa watoto wanne, na kwa mtihani wa kitaifa wa mwisho wa mwaka nilikuwa nikimtegemea yeye kuliko wote.

Kishikwambi hicho ndicho daftari la mahudhurio pia. Asubuhi naita majina, nagusa. Aliyefika anakuwa kijani, asiyefika anakuwa mwekundu. Saa mbili na nusu kinajifunga chenyewe, na kila mzazi wa mtoto mwekundu anapata ujumbe kwenye simu. Namba nyingi tulizopewa ni za akina baba, na wengi wao wanafanya kazi miji ya mbali.

Sasa sikiliza mambo ya huku. Kila nyumba ina majani chai yake, hata kama ni mistari michache nyuma ya jiko. Lori la kiwanda huja kwenye kituo cha majani Jumatatu na Alhamisi, na halimngojei mtu. Siku hizo mtoto huamka na mamake, wakachuma, akabeba kapu mpaka kituoni, ndipo aje shule. Wengi hufika karibu na saa nne. Mwalimu Ondieki, mzee aliyelishika darasa hili kabla yangu, aliniambia wiki ya kwanza kabisa, "Mwalimu, siku ya majani daftari hungoja. Majina huitwa baada ya chai ya saa nne." Nikamjibu kwa adabu. Moyoni nikasema, hawa ndio wanaoturudisha nyuma. Hakurudia tena.

Mama, hapa ndipo penye aibu yangu, na sijamwambia mtu. Nilikuwa nikimwona Kemunto akiingia saa nne, upindo wa sketi umelowa umande, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Anaketi, anafungua kitabu, anajibu maswali yangu. Mwalimu mkuu angeweza kunifungulia daftari nikarekebisha, ni suala la kuomba tu. Sikuomba. Nilidhani wekundu ule utawafunza wazazi kuheshimu saa. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Baba yake ni mlinzi Nakuru. Wiki tatu mfululizo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, simu yake ilimwambia: Mzazi, mwanao Kemunto hayupo shuleni leo. Mara sita. Hakupiga shuleni kuuliza. Alimpigia mkewe akamuuliza kama mtoto anasoma, mke akasema anaenda kila siku, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akamuuliza tena wiki iliyofuata, jibu likawa lile lile. Yeye akahesabu kwamba mama na binti wana siri, kwamba mtoto ana mwanamume wa bodaboda mahali na mamake anamfunika.

Alikuja Ijumaa moja bila kusema. Alimpiga mkewe mbele ya watoto. Majirani walipoingia kuamua, alikuwa anawaonyesha simu, mmoja mmoja, wasome wenyewe. Siku ya pili yake, Jumamosi, maana huku wengi ni Wasabato, wakati watu wanatoka kanisani, yule mama alionekana akishuka barabara na mfuko mmoja kwenda kwao Itumbe. Watoto walibaki. Huku watoto ni wa boma la baba, na mama akifukuzwa hatoki nao.

Jumatatu Kemunto hakuja saa mbili, wala saa nne, wala mchana. Nikaenda kwao baada ya masomo. Nilimkuta baba uani, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, tofauti kabisa na nilivyomfikiria. Nilimwamkia, nikamwambia moja kwa moja kwamba kosa ni langu, mtoto alikuwa akifika shule kila siku, ila mimi nilimwandika kabla hajafika. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu mfukoni, akaishika mkononi bila kuiwasha.

"Mwalimu," akasema, "mara sita umeniandikia hayuko. Leo unakuja kwa mguu kuniambia alikuwa. Ni gani nishike?"

Sikuwa na la kumwonyesha. Daftari la karatasi, ambalo Mwalimu Ondieki angeliandika baada ya chai, mimi ndiye niliyelisukuma kabatini nikasema limepitwa na wakati. Nikarudia maneno yangu mpaka yakaanza kunuka uongo masikioni mwangu mwenyewe. Akasema amenisikia, lakini yeye anarudi kazini, mamake mzee hawezi kuchuma, na majani yakikomaa juu ya mti yanakataliwa. Kwa hiyo Kemunto atachuma mpaka wazee wa pande mbili wakae wazungumze. Lini watakaa, hakusema. Kemunto alikuwa nyuma ya jiko akimfunga mdogo wake mgongoni. Hakunitazama.

Yaani, Mama, niliandika kwamba mtoto hayupo shuleni, na sasa hayupo. Uongo wangu umekuwa kweli kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyopita nilienda Itumbe kumtafuta yule mama. Nilimkuta kwa kaka yake akipukuchua mahindi, jicho moja bado limevimba. Nilipiga magoti, sikuona haya. Aliniinua, akaniletea kiti, akanipa uji, na huo wema ndio ulionimaliza. Hakunigombeza hata neno. Alisema tu, "Mimi sikumdanganya. Lakini simu yako ilimfikia mbele ya mimi niongee. Nani ataamini mdomo ya mwanamke na simu ya serikali iko?" Nikamwambia si ya serikali, ni yangu. Akasema kwao yote ni moja. Kisha akaniuliza kama yule mdogo anakohoa bado, nami sikujua.

Wiki hii mwalimu mkuu aliniita. Wakubwa wa elimu wanapenda rangi za shule yetu, isipokuwa darasa langu: wachumaji wengine sasa naomba nifunguliwe daftari niwarekebishe, lakini jina moja linabaki jekundu kila siku. Akataka niguse palipoandikwa amehama, jina liondoke. Nilimwambia mtoto hajahama, yuko ng'ambo ya kilima, anaonekana hata kutoka hapa. Akasema yeye hazungumzii mtoto, anazungumzia orodha. Lakini jina likiondoka kwenye orodha, halitakuwa kwenye mtihani. Na nikiliacha jekundu, kila asubuhi baba yake anapata ujumbe ule ule Nakuru, unaomkumbusha zile mara sita, wazee wa pande mbili wapate sababu nyingine ya kutokaa.

Basi, Mama, nimefanya nililofanya. Tangu Jumatano namwandika yupo. Naita jina lake, watoto wananitazama, nami nagusa kijani. Mwalimu mkuu amenipongeza mbele ya walimu wote. Siku wakaguzi watakapokuja kuhesabu vichwa, huenda nikafutwa kazi, na itakuwa haki. Alipokuwepo niliandika hayupo. Sasa hayupo, naandika yupo. Ile haki ya kwanza, ya kumwandika yupo alipokuwepo, ndiyo iliyokuwa rahisi, na nikaiacha ipite.

Usinijibu kwamba nisijali. Niombee tu wazee wakae kabla ya mtihani, na umwombee yule mama arudi kwa watoto wake.

Nisalimie mjomba mvuvi wa maneno, mwambie huku pia wapo wenzake. Wifi yangu mpe pole ya ujauzito, asibebe maji. Bibi mzaa baba mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Jirani yetu fundi cherehani mwambie koti alilonishonea bado linanitosha. Na ustadhi aliyenifundisha kusoma, mwambie namkumbuka kila nikiita majina, yeye aliyekuwa anangoja mpaka wa mwisho aingie.

Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimeifungua. Leo ni Jumatatu. Nikienda shule nimekutana na Kemunto njiani, kapu limejaa, mdogo wake anamfuata. Amenisalimia vizuri, "Bwakire, mwalimu." Tumetembea pamoja hatua chache. Kisha akaniuliza, "Bado unaitanga jina yangu?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku.

"Na unaniandikanga nini?"

Nikamwambia, "Naandika upo."

"Asante, mwalimu," akasema, akaliweka kapu sawa mgongoni, akapanda kwenda kituoni.

Mwanao,
Mwanajuma