Bendera Yako Niliibeba Mpaka Mlangoni

Ba,

Nimerudi. Nimelala mchana mpaka nikajionea aibu, nimefua nguo, nimekwangua theluji kwenye kioo cha gari, na sasa nimekaa jikoni kwangu Brooklyn Park, hapa Minnesota, na chai niliyoichemsha kwa namna yako, mpaka ikageuka rangi ya matofali. Sijui nianzie wapi. Najua wewe hujui kusubiri. Ungekuwa hai ungeshanipigia simu: "Rebeka! Nini? Sema!" Basi nasema. Bendera yako ilipanda. Nimeiona kwa macho yangu haya.

Kwanza nikupe habari za huku. Kitanda cha hospitali kilichokuwa chumbani kwako Eden Prairie walikuja wakakichukua, chumba kikabaki kikubwa kuliko kinavyostahili. Jayesh, mwanao aliyenifundisha kukuita Ba, yaani mama, bado hajaweza kukiondoa kiti chako pale dirishani. Mimi nimepewa mzee mwingine wa kumtunza, Mzungu mpole wa Golden Valley ambaye hasemi neno mpaka mechi ianze. Nikiwa njiani kwenda kwake naongea Kiswahili peke yangu garini kama mwendawazimu. Miaka yote niliyokuogesha na kukuvalisha soksi, nilidhani mimi ndiye ninayekuhudumia. Lakini katika nyumba zile zote za Eden Prairie, nani mwingine angenigombeza kwa Kiswahili cha Kisumu kwa sababu nimeunguza chapati? Nimekukosa, Ba. Nimekukosa vibaya.

Unakumbuka siku ile ya kapu? Nilipanda ngazi kutoka kwenye mashine za kufulia, kapu la nguo kichwani, shuka zako mikononi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hiyo kichwa bado inafanya kazi!" ukasema. Halafu ukanisimulia habari za Dwarka, mji wa hija wa Wahindu ulioko kando ya bahari kule Gujarati, kama mama yako alivyokusimulia mkiwa nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa. Hekalu la Dwarka lina mnara mrefu, na juu yake bendera hubadilishwa kila siku, tena mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na familia moja iliyosubiri zamu yake kwa miaka, na familia hiyo huibeba kichwani, ikipita nayo barabarani kwa ngoma mpaka hekaluni. Wewe mwenyewe hukuwahi kuikanyaga India. Ulizaliwa Kisumu, ukaolewa Kisumu, ukaja kuzeekea kwenye theluji. "Zamu yetu ikifika," ukaniambia, "Jayesh hawezi. Shingo yake ni ya kompyuta. Wewe utabeba." Nikasema ndiyo, Ba, nitabeba. Nilikubali vile mtu anavyomkubalia mgonjwa ili ameze dawa.

Zamu ilifika majani yameshapukutika na wewe umeshatuacha. Jayesh alikuja kwangu na ujumbe kwenye simu, akanionyesha. Alikuwa amekusudia kuyapeleka majivu yako huko huko. Akaniuliza kama nakumbuka nilichokuahidi.

Nakumbuka, ndiyo. Ila wewe unajua mimi ni nani Jumapili. Mimi ndiye ninayeongoza nyimbo kanisani kwetu, na Wakenya wa mji huu wote wananijua kwa hiyo sauti. Nilimwambia Mama Shiru, rafiki yangu tunayeimba naye, naye akaweka kikombe chini. "Wee Rebeka, hiyo hekalu ni ya miungu yao, na wewe ndio una-lead worship. Watu wakiona, uta-explain aje?" Nikaomba. Niliomba kweli, kwa machozi, nikitaka niambiwe ndiyo au hapana, na sikuambiwa lolote. Nilichokiona kila nikifumba macho ni wewe, umefunga mdomo mbele ya kijiko, ukingoja nikuahidi kwanza. Nikaomba likizo kazini.

Sasa Ba, mbona hukuniambia? Ulinisimulia bendera tu, hukuniambia nchi yenyewe ikoje! Tulifika kwanza Junagadh, ambako kuna ngome ya kale iitwayo Uparkot. Nilidhani ngome ni kuta tu, nitapiga picha niondoke. Ndani yake kuna kisima ambacho hakikujengwa, kilichongwa. Watu waliukata mwamba wenyewe kwenda chini, ngazi baada ya ngazi, mpaka wakakutana na maji. Nilishuka nimeshika ukuta wa baridi. Mbingu ikabaki kipande chembamba juu yangu, na njiwa wakawa wanaruka humo wakitoka kwenye mashimo ya mwamba. Mimi mtoto wa Vihiga, niliyetumwa mtoni nikinung'unika njia nzima, nikawaza wale watu waliokwenda kutafuta maji kwa nyundo na patasi ndani ya jiwe. Nikaimba sauti moja tu, ndogo, nione itakuwaje. Ikanirudia kutoka kila upande, imenenepa. Nilikaa chini kwenye ngazi, miguu haitaki kuondoka. Jayesh alinisubiri juu wala hakulalamika.

Nyuma ya ngome umesimama mlima Girnar, una mahekalu tangu kiunoni hadi kileleni, na vikongwe wanaupanda kwa fimbo. Wasioweza hukaa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu wa kubebea, wanaume wakawachukua mabegani. Niliwatazama wale wanaume kwa jicho la kazi yangu. Walibadilisha bega wakiwa wanatembea, na bibi aliyekuwa juu hakutikisika, aliendelea kumenya karanga zake. Nilitaka kuwapigia makofi.

Somnath ndiko tulikokuacha. Hekalu la huko liko ukingoni kabisa mwa bahari, na limebomolewa na kujengwa tena mara nyingi hata wenyeji wanasimulia hivyo bila uchungu. Karibu na hapo mito mitatu inakutana. Jayesh aliingia majini na chombo cha majivu yako, nami nikamshika kiuno kwa nyuma kama nilivyokushika wewe ukitoka bafuni. Ndege weupe walikuwa wengi juu ya maji. Alikuachia polepole, akasema neno moja tu, "Ba," nami nikalisema nyuma yake.

Kisha Dwarka. Tuliuona mnara kabla ya mji, na bendera ya familia nyingine ikipepea juu yake. Dereva akaondoa mkono mmoja kwenye usukani akagusa kifua chake. Jayesh akasema, "Rebeka, kumbe ni kweli ipo." Mtu mzima, ana mvi, alikuwa akiambiwa habari hiyo tangu utotoni.

Siku ya zamu yenu walitukabidhi bendera ikiwa imekunjwa ndani ya kapu, rangi juu ya rangi, jua na mwezi vimeshonwa katikati. Nikavua leso yangu kiunoni, nikaisokota ngata, nikaiweka kichwani, na Jayesh akanitwika. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Ngoma zikaanza mbele yetu, nami nikaondoka kwa mwendo wangu wa kwetu, shingo imenyooka, mikono chini, haraka haraka, kama mtu aliyetoka sokoni na mvua inakuja.

Na hapo ndipo nilipokuaibisha. Watu walianza kutoka madukani na kunyoosha mikono kwenye kapu. Kwetu mtu akinyoosha mkono kwenye mzigo wako anataka kukutua. Nami nikawa nawakwepa! Huyu nampita kulia, yule namkwepa kushoto, natabasamu, nasema, "Asante, asante, si nzito, nimezoea." Wakazidi kuja, nikazidi kukaza mwendo, mpaka wapiga ngoma nikawapita. Fikiria, Ba, bendera yako inakimbia watu katikati ya Dwarka juu ya kichwa cha Mluhya. Jayesh akaja mbio nyuma yangu akihema: "Rebeka, simama! Hawataki kukusaidia, wanataka kuigusa tu!"

Nikasimama. Bibi mmoja aliyepinda mgongo alikuwa mbele yangu, mkono wake juu na haufiki. Nikapiga magoti taratibu, mgongo wima, mpaka kapu likawa usawa wa uso wake. Akaweka paji lake la uso kwenye ile nguo akatulia hivyo. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Hakujua mimi nimetoka wapi, wala nasali wapi, wala hakuuliza. Akashusha mkono akanishika shavu, akaenda zake. Baada yake wakaja wengine, nami nikawa napiga magoti na kuinuka njia nzima. Ilituchukua muda mrefu sana kufika, na sikutaka tufike.

Mlangoni nikasimama tena. Hili nilikuwa nimeliamua ndani ya ndege. Kuibeba nitaibeba, lakini kuingia kuabudu siingii, maana moyo wangu una mwenyewe. Ningeingia kama mtalii, na wewe hukunituma kutalii. Nilimwambia Jayesh, nikiogopa atadhani nakutupa mlangoni. Akasema, "Ba alikuambia ubebe. Umebeba." Basi akanitua, nikaitoa ile ngata kichwani kwangu nikaiweka kwenye kichwa chake, nikamwonyesha aangalie mbele na asiitazame miguu yake, nikamtwika. Akayumba. Akasimama sawa. Mwanao akaingia na bendera yako kichwani, Ba, shingo yake ya kompyuta imenyooka, na mikono aliiachia.

Nikabaki uwanjani na viatu vyetu. Sikujua kwamba pale nje ndipo mtu anapoona vizuri kuliko wote. Ilipita kitambo, kisha mtu mmoja akatokea juu kwenye bega la mnara, peku, akaanza kupanda mahali ambapo sikuona hata pa kushika. Alikuwa mdogo kama sisimizi. Watu wote waliokuwa karibu nami wakaacha walichokuwa wakifanya. Muuza maua akasimama. Polisi akasimama. Yule mtu akafika kileleni, upepo wa bahari unampiga, bendera ya zamani ikashuka, na kwa muda kidogo mnara ukawa mtupu.

Ikafunguka, Ba! Kwanza kona moja, ikasitasita, halafu upepo ukaichukua yote kwa mara moja, ndefu kuliko njia ya gari ya kwenu, nyekundu na manjano na kijani, jua na mwezi vimetanuka juu ya mji. Nilijiona mdogo mno. Niliogopa kwa ile hofu nzuri, ya kuwa mbele ya kitu ambacho watu wamekipenda kwa muda mrefu kupita maisha ya mtu yeyote. Sikuona mgongano wowote ndani yangu wakati ule. Nilikuona wewe tu, msichana wa Kisumu nyuma ya kaunta, umeinua uso.

Yote haya niliyarekodi kwa simu. Nilipoirudia video hotelini ndipo nikasikia sauti karibu kabisa na simu, sauti ya mwanamke anayelia na kusema bila kupumzika, "Asante Yesu. Amefika. Asante Yesu, amefika." Ni mimi. Tangu bendera inapanda mpaka video inakatika.

Tulipoitazama nyumbani kwenu, mjukuu wako aliuliza, "Wait, is she praying?" Jayesh akamjibu ndiyo, kwa Kiswahili. Baadaye aliniita pembeni, kwa upole wake ule, akaniambia anaweza kuweka muziki juu ya sauti yangu ili nisipate taabu kwa watu wangu. Mama Shiru naye ameiona. "Delete hiyo kitu kabla ifike kwa group ya church," ameniambia, "ama watakunyang'anya mic." Ananipenda, ndiyo maana anaogopa. Na huenda ni kweli, huenda wakaninyang'anya. Nimewaza kukaa kimya kwenye viti vya nyuma na moyo umeniuma.

Lakini sitaifuta, wala sitaweka muziki. Jumapili hii nimeombwa nisimame nitoe shukrani za safari. Nakuahidi nitaionyesha yote, mnara wote, sauti yote. Wakiniuliza nilikwenda kufanya nini kwenye hekalu la watu, nitawaambia nilikuwa na mama aliyekuwa hajafika kwao, nikambeba.

Kwaheri, Ba. Pumzika.

Rebeka wako