Kikombe Kilichopungua

Jumatatu, 6 Februari
Nimefungua kliniki saa moja. Foleni tayari inafika barabarani. Msimu wa pili bila mvua huku chini ya Mikinduri, na sasa surua imeingia. Shirika la kanisa linataka idadi kamili ya watoto ndipo litume chanjo. Dozi kwa idadi, hakuna ya ziada. Nimewahesabu kwa sauti, nikiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Arobaini. Nilipofika kumi foleni nzima ilinyamaza, hata watoto wachanga. Sikuupenda ukimya ule.

Zainabu, mjane mwenye bucha anayetupikia uji, alileta vikombe arobaini. Wakati wa kugawa kimoja hakipo. Mtoto mmoja amenywea kifuniko.

Jumanne, 7 Februari
Nimehesabu tena. Arobaini. Kikombe kimoja kimepotea tena. Jioni kiko kwenye dirisha la stoo ya zamani, kimelambwa safi. Mlangoni pa stoo kuna nyayo ndogo vumbini. Zinaingia. Za kutoka sikuziona. Zainabu amesoma dua, amekataa kusogea. Nikamcheka. Kisha kikohozi kikasikika ndani, na mimi pia sikusogea. Mwoga, na stashahada yangu ya uuguzi.

Jumatano, 8 Februari
Watoto watatu wapya wana vipele. Kina mama hawaniangalii usoni. Nikiinua kidole wanawafunika watoto kwa leso. Simu kutoka ofisi ya shirika, Meru: chanjo Ijumaa, dozi arobaini.

Saa sita mchana, jua la kuchoma, kikohozi tena. Nikaenda. Kati ya magunia matupu, msichana wa miaka minne hivi. Macho mekundu, vidonda hadi midomoni, kikombe changu mkononi. Halii. Ananitazama tu.

Mama yake, Kanana, alikuwa amesimama nyuma yangu. Watoto wake watatu huwa kwenye foleni kila siku.

"Sista, wewe ulihesabu watoto wetu na kidole," alisema. "Huyu Makena nilimficha ndio hesabu isijae."

Nilimfokea. Halafu nikaona aibu. Nyanya yangu akiulizwa ana wajukuu wangapi alijibu "wapo," basi. Kwetu kuwahesabu watoto wote ni kuwaitia kifo. Mimi ni wa hapa hapa. Nilijua. Nilijifanya nimesahau.

Na kama Kanana ameficha mmoja, wengine wameficha wangapi?

Alhamisi, 9 Februari
Nimeweka kibuyu mlangoni. Kila mama adondoshe haragwe moja kwa kila mtoto, aliyekuja na aliyebaki nyumbani. Mimi niligeukia ukuta. Nilisikia tu maharagwe yakianguka, muda mrefu mno. Kanana alidondosha manne.

Nikajifungia, nikayahesabu, midomo imefungwa. Hamsini na sita. Nimepiga simu Meru, nimewaomba hadi nikalia. Wataongeza dozi.

Makena ana dripu. Hajafumbua macho tangu adhuhuri. Siku mbili alikuwa hatua ishirini kutoka kitanda changu cha wagonjwa. Nakichukia kidole changu.

Ijumaa, 10 Februari
Makena amefariki alfajiri.

Chanjo imefika saa nne. Wamekuja wote, hata waliokuwa wamefungiwa ghalani. Kila mtoto akimaliza, mama anachukua haragwe lake kibuyuni. Waliokuwa tayari na surua nimewapa dawa, na mama zao wakachukua maharagwe yao pia. Sikutamka nambari hata moja. Kanana alikuja na watatu. Alichukua matatu, akaniaga kwa heshima. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 12 Februari
Kliniki imefungwa. Nimefagia. Kibuyuni kuna haragwe moja, sijalitoa.

Fomu inauliza idadi ya watoto. Niliandika hamsini na tano. Nikafuta, nikaandika hamsini na sita.

Asubuhi Zainabu alikuja na uji kidogo, akaweka kikombe kwenye dirisha la stoo, akaenda zake. Hakuna mtu mwingine aliyekuja leo. Nimekaa hapa kibarazani mchana kutwa, dirisha lile mbele yangu.

Jioni kikombe kilikuwa kitupu, kimelambwa safi. Nimekiosha na kukirudisha kwa vingine. Sikuvihesabu.