Dakika Kumi na Moja Zisizosikika

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na yule mpwa wangu ambaye kwenye simu ananiita Kobe bila hata salamu, kama vile tulicheza naye gololi. Sisi huku hatujambo. Baba mgongo bado unamsumbua akiinama kutengeneza majokofu ya watu, ila mdomo wake haujaumwa hata siku moja. Mama naye ni mzima. Amepungua kidogo, na anasema ile suti ya siku ya kutetea tasnifu sasa inamkaa vizuri kuliko siku aliyopimwa.

Uliniuliza mara tatu kwa nini siku ya Mama ilisogezwa mbele miezi mitatu, na mara zote tatu nikakuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Unanijua, maneno yangu hayatoki mpaka nishike kalamu. Najua ulishaomba likizo ukalazimika kuirudisha, na najua Shangazi anawaambia watu kwamba maprofesa wamemkataa Mama kwa sababu ya umri. Hawakumkataa. Naomba uisome barua yote kabla hujanipigia, maana ukinipigia katikati sitapokea.

Wewe uliondoka kabla hajaanza masomo, kwa hiyo umesikia utani tu. Baba alimpa jina la Daktari wa Makaratasi, akasema huo ni udaktari usioweza kutibu hata mafua. Mimi pia nilicheka. Siku moja Mama akanieleza, bila kukasirika, kwamba uzamivu wake ni wa watu walio kazini. Hupewi kwa kusoma vitabu vingi. Unachukua kidonda cha mahali pako pa kazi, unakifuata mpaka kwenye mzizi, halafu unaleta dawa ambayo hospitali inaweza kuitumia. Kidonda chake kilikuwa maji. Miaka mitatu iliyopita maji yalivuja wiki nzima kwenye kisanduku cha umeme nyuma ya chumba cha upasuaji, mpaka taa zikazimika mgonjwa akiwa mezani. Mgonjwa alipona. Lakini Mama, akiwa ndiye mkuu wa utawala, alipoulizauliza aligundua kwamba wafanya usafi watatu na mlinzi mmoja waliyaona yale maji tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyesema. Hapo ndipo alipopata swali la tasnifu yake: kwa nini mfanyakazi wa chini anaona na ananyamaza.

Dada, ungemwona. Ana miaka hamsini na mmoja, anaongoza watu mia nne, na kila alfajiri alikuwa mezani na kamusi iliyofungwa kwa mpira wa nywele zangu. Nimemwona akisoma ukurasa mmoja wa Kiingereza mara saba, akiusukuma mbali na kuuvuta tena kama mtoto asiyetaka kumaliza sahani. Na pembeni ya ukurasa, kwa penseli, alikuwa anaandika neno moja: sielewi. Sikujua kwamba watu wazima huandika neno hilo. Mimi darasani nilikuwa tayari kufeli kuliko kulisema. Nilikuwa nafungua vitabu vyake akiwa kazini, nahesabu zile sielewi, halafu navifunga polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Ulipofika wakati wa mahojiano, kamati ya maadili ya chuo ilimwambia kwamba yeye ni bosi wa hao watu, kwa hiyo haruhusiwi kuwahoji, wala kuzisikia sauti zao, wala kujua nani alisema nini. Akamwomba mkunga mmoja mstaafu akahoji na kinasa sauti. Kisha akatakiwa mtu wa kusikiliza na kuandika kila kitu neno kwa neno, na kukitia kwenye Kiingereza. Asiwe mfanyakazi wa hospitali, ale kiapo cha siri, na ajue lugha zote mbili. Nilikuwa nimemaliza mitihani, niko nyumbani nasubiri matokeo. Baba akasema mwenye kutunza siri hakuna kama Kobe, kwanza hata salamu anaitunza. Nikatia sahihi.

Nilikaa chumbani kwako wiki sita na spika za masikioni. Sauti ishirini na mbili, kila moja na namba yake. Nilizipenda, Dada. Watu waliokuwa wakipita kwenye korido wameinamisha vichwa, kumbe kichwani wana hospitali nzima. Kuna mmoja aliyejua ni kitanda kipi kina gurudumu bovu katika kila wodi. Ilikuwa kama kuondoa paa la nyumba na kutazama ndani.

Kisha nikafika namba kumi na nne. Nilimtambua kwa sauti. Zaidi ya hapo sisemi ni nani, hata kwako. Alisema maji aliyaona. Mkunga akamuuliza mbona hakutoa taarifa, naye akacheka puani akasema hiyo ni hadithi ndefu, ila kama kuna nafasi kwenye hiyo mashine ataieleza. Alieleza kwamba mwaka mmoja kabla ya maji, mwanawe alilazwa katika wodi ya watoto, na yeye akakaa naye siku tatu, katika jengo lile lile, juu ya sakafu ile ile anayoipiga deki kwa mikono yake. Mtoto alipona. Aliporudi kazini akakuta barua ya onyo kwa utoro, yenye sahihi ya Mama. Akaenda nayo ofisini. Mlango ulikuwa wazi nusu, Mama yuko kwenye simu, akamwinulia kidole kwamba asubiri. Akakaa kwenye benchi la koridoni tangu saa tisa. Saa kumi na moja na nusu taa ya ofisi ikazimwa, na Mama akawa ameshatokea mlango wa nyuma, ule wa upande wa magari. Yule mama mfanya usafi akasema kwamba tangu siku hiyo macho yake yanatazama ndoo yake tu. Maji ya kwenye ukuta si ya ndoo yake.

Alisema na mengine. Jumla zilikuwa dakika kumi na moja. Nilizima mashine, nikazunguka chumbani, nikaketi tena. Halafu nikaandika kwenye karatasi: sauti haisikiki, dakika kumi na moja.

Mama aliandika sura zake kwa karatasi nilizompa. Msimamizi wake akazisifu. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alisimama sebuleni kufanya mazoezi mbele yangu na Baba, na ile suti, karatasi mkononi. Akasema kwamba watu wengi walinyamaza kwa kutojua wapeleke taarifa wapi, na kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja kuiogopa ofisi yake. Baba akapiga makofi. Mama akanigeukia, akanishukuru kwa kazi safi, akasema bila masikio yangu asingefika hapo.

Kesho yake asubuhi alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Nikaenda nikasimama karibu na kamba, nikamwambia zile dakika kumi na moja zinasikika. Nilimwambia nilizificha kwa sababu zinamsema vibaya. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu, kama bado ziko kwenye mashine. Nikasema ziko. Nikataka kumwambia ni nani, na nilishafungua mdomo, yeye akaniziba kwa kiganja chenye povu. Akasema nimekula kiapo kwa huyo mtu, si kwake. Nilimeza sabuni, Dada. Nilimwona mama yangu kama namwona mara ya kwanza.

Nikaziandika. Alizisoma akiwa amesimama. Baba akaanza kwamba mficha maradhi, Mama akamwambia hiyo methali aiache hapo hapo, amletee simu. Akampigia msimamizi, akasema hoja yake kuu haina miguu na anahitaji miezi mitatu. Akasema mwandishi wake aliacha kurasa, na kosa ni lake yeye, maana hakuna anayempa mtoto kazi ya kusikiliza mama yake akisemwa. Ninyi wengine akawaambia kazi haijaiva. Akamwacha Shangazi aseme anachotaka.

Kuhusu ile habari uliyoisikia, kwamba amekwenda kuwapigia wafagiaji magoti, magoti hakupiga. Angeweza kufungua mafaili, kulinganisha tarehe na kumjua namba kumi na nne kabla ya chai. Hakufanya hivyo. Aliomba orodha ya barua zote za onyo la utoro alizotia sahihi kwa miaka mitano. Zilikuwa thelathini na moja. Akawaandikia wote barua moja, ya maneno yale yale: nilikuonya kabla ya kukuuliza ulikuwa wapi, naomba radhi, na tangu leo hakuna atakayeonywa kabla ya kuulizwa. Akazipeleka kwa mkono, kila mtu pale anapofanyia kazi: jikoni, kwa dobi, getini. Mlinzi mmoja aliirudisha, akasema kusema kweli siku ile alikuwa amelewa chakari, onyo lilikuwa halali yake. Mama akamwambia akae nayo, radhi ni ya kutomuuliza. Kisha akaurudia utafiti sura nzima, na dawa yake ya mwisho imeanzia hapo, kwenye kuuliza.

Sasa Dada, jambo moja bado, na hili sikulisema pale kwenye kamba ya nguo. Sikuficha zile dakika kwa ajili ya Mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne mwaka ule wa barua ya onyo, natoka shule nafanyia kazi za nyumbani ofisini kwake, unakumbuka. Jioni ile nilitoka kwenda msalani nikamwona yule mama kwenye benchi, barua imekunjwa magotini. Akanisalimia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua anasubiri. Tulipokuwa tunatokea mlango wa nyuma nilijua bado yuko, na ilikuwa niseme maneno mawili tu, Mama, kuna mtu. Aibu ikanishika, nikabeba mkoba. Yule mama amelisema hilo kwenye mashine, dakika ya tisa: hata binti yake aliniona. Niliuandika mstari huo pamoja na mingine. Mama ameusoma. Hajawahi kuniuliza.

Kumwendea mwenyewe nimwombe radhi siwezi, maana nitakuwa nimemwambia kwamba nimeijua sauti yake. Kwa hiyo nimefanya kama Mama. Kila nikienda ofisini, kabla sijaingia, nasimama mbele ya lile benchi na kuuliza kama kuna anayesubiri. Mara ya kwanza sauti haikutoka, wakadhani naomba njia. Jumanne iliyopita alikuwa yeye, na ndoo yake miguuni. Nikamuuliza anamsubiri nani. Akasema ana neno na mkuu, bomba la maji machafu katika wodi ya watoto limeziba na linaanza kurudisha. Nikaingia. Mama alikuwa kwenye simu, akaniinulia kidole. Nikasema, Mama, kuna mtu. Akamwona yule mama mlangoni, akaiweka simu chini mtu akiwa bado anazungumza ndani yake, akasimama kumpokea. Mpaka leo hajui alimpokea nani.

Siku yake sasa ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Njoo. Nimekuwekea kiti kati yangu na Baba, ili umzibe mdomo upande wako. Msalimie shemeji, na mwambie mpwa wangu kwamba Kobe naye ametoa kichwa. Ukishamaliza kusoma nipigie. Nitapokea.

Mdogo wako,
Kobe