Baba Alisema Safi, Nami Nikaitikia

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimeketi juu ya tairi kuukuu nyuma ya karakana, karatasi nimeiweka gotini, usinicheke mwandiko, na naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi ushauri wako hautanifaa kitu.

Mimi ni fundi wa ndege. Si zile kubwa zenye wahudumu na soda, ni vile vindege vya zamani vya watu wawili, vyenye mwili wa mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, vingine vimemzidi mama yangu umri, na wenyewe wanavibembeleza kuliko wanavyobembeleza wake zao. Karakana ni ya baba yangu mzazi. Kiwanja kizima humwita Mzee Jicho, kwa sababu tangu nipate akili sijaona ufa ukampita, hata ule mwembamba kama unywele uliojificha chini ya rangi, yeye huinama tu, anakohoa, anasema "huyu ana neno," na kweli ukikwangua rangi unaukuta. Ndiye aliyenifundisha kazi baada ya kaka zangu kuikimbia wakisema ina grisi. Na ana sheria yake moja ambayo sijaikuta kwingine: anayesema ndege ni safi, ndiye anayekaa kiti cha pili siku ya kwanza inaporuka tena. "Mdomo uliosema safi na utangulie," ndivyo asemavyo, na miaka yote ametangulia yeye, na kofia yake ya sufu, anarudi anacheka.

Sasa wiki iliyopita daktari mmoja wa meno, mwenye kindege tunachokiita Bibi kwa uzee wake, alikitua kama anayetupa gunia. "Niligusa chini kwa nguvu kidogo tu," akasema, na gurudumu la kushoto limeinamia ndani kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Tukauondoa ule mguu wa chuma unaoshika gurudumu, nikauvua rangi, nikausafisha mpaka chuma kikang'aa, nikapaka ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, nikangoja inywe, nikafuta, nikapuliza unga mweupe. Kazi ya dawa hii ni rahisi: chuma kikiwa kizima unga unabaki mweupe, kikiwa na ufa, dawa iliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mwekundu juu ya ule weupe, hata mtoto atauona. Mshauri, haukuchelewa. Pale juu, kwenye kiungio kilichochomelewa, mahali mguu unaposhikana na mwili wa ndege, ukatoka mstari mwekundu mrefu kuliko kidole changu cha kati, ukalizunguka bomba karibu nusu.

Kusema kweli nilifurahi, maana ufa ukionekana dawa yake ipo, unakata kipande kibovu, unatia bomba jipya, unachomelea upya, unakagua tena, mwenye ndege ananuna kidogo halafu anakushukuru. Nikamwita baba. Akaja, daktari wa meno nyuma yake, kaishia mlangoni anabishana na mkewe kwenye simu, na mafundi wengine walikuwa upande wa pili wamezama kwenye injini. Baba akauchukua mguu, akaugeuza kwenye mwanga, mstari ukawa unamtazama usoni, naye akautazama, au nilidhani anautazama, kisha akasema kwa ile sauti yake ya hakimu, "Safi. Safi kama sahani ya mgeni."

Nikadhani ananitania, baba ana utani wake, nikangoja acheke, hakucheka. Nikamtazama macho, ndipo nikaona hayako kwenye mstari, yametua kando, kwenye kidole gumba changu, na yana ukungu ambao sijui umeingia lini, mimi ninayekula naye meza moja kila siku ya Mungu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza tangu nianze kushika spana: "Na wewe unaonaje?"

Na mimi nikasema, "Safi, baba."

Mshauri, sijui aliyesema ni nani. Ulikuwa mdomo wangu, lakini hata mimi nilishtuka kuusikia. Sijawahi kumpinga baba mbele ya mgeni, na daktari alikuwa ameshakata simu anakuja, nikaona nikisema hapana mzee wangu atajulikana pale pale kwamba haoni, Mzee Jicho haoni, basi mkono wangu nao ukafanya yake, ukachukua tambara ukaufuta ule mstari. Mimi mwenyewe! Daktari akapiga makofi. Fundi wa rangi akauchukua mguu, akaupaka manjano, ukafungwa, na Bibi sasa amesimama pale nje anang'aa kama mwali, Jumamosi asubuhi anaruka, na baba amesema safi, kwa hiyo baba anapanda.

Tangu siku ile usingizi sina, kila kitu kinanijia upya. Akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, mimi nikidhani ni uzee. Miwani yake ati imevunjika, na mwaka mzima haijapelekwa kwa fundi. Mama humsomea gazeti hili hili kila asubuhi kwenye chai, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, isipokuwa safu yako ndiyo huiruka, anasema ina mambo ya aibu, na baba hununa kwa sababu ndiyo anayoitaka.

Nimejaribu. Nilimwambia, "Baba, rangi haijakauka vizuri, si tusogeze mbele?" Akacheka, "Tangu lini rangi ikazuia ndege kuruka?" Nikamwendea shangazi, nikamweleza yote, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, baba havuliwi nguo sokoni. Ukimwambia hana macho umemzika angali hai. Wewe omba Mungu, mbona hiyo ndege imeruka miaka yote haijaanguka?"

Sasa nifanyeje? Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze niombe, au Jumamosi alfajiri nitoboe tairi kwa siri isiruke? Barua hii nampa dereva wa gari la magazeti aifikishe kwenu leo, Jumatano. Jina langu usilitaje. Namba ya simu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Binti wa Karakana.


Binti wa Karakana,

Barua yako niliisoma nimesimama, na mpaka sasa sijaketi vizuri. Safu hii imeletewa mengi. Nimeletewa wake wenza walioungana wakamfukuza mume, nimeletewa bwana harusi aliyekimbia na keki. Sijawahi kuletewa barua ambayo nikiijibu kwa zamu yake ya kawaida nitakuwa nampa ushauri mfiwa. Kwa hiyo wenye barua za ndoa mnisamehe, leo Ijumaa mmesogezwa.

Kwanza, simu. Umeandika namba halafu unaikimbia! Tangu jana mchana napiga, mara inaita mpaka inachoka, mara imezimwa. Basi nami nimefanya ambalo halifanywi. Nimewaomba wenzangu wa chumba cha habari wapigie kila kiwanja kidogo cha ndege wanachokijua, waulize kindege kikuukuu chenye mguu mmoja uliopakwa manjano juzijuzi. Ukiona mtu getini leo anauliza maswali ya ajabu, katumwa na mimi. Jina lako nimelitunza kama ulivyoomba. Roho ya mtu siwezi kuitunzia siri.

Pole, mwanangu. Nasema pole kwa moyo wote, maana najua ni kitu gani kumtazama mzazi aliyekufundisha kutembea ukagundua kwamba sasa ndiye anayepapasa. Hapo hata mimi ulimi ungekufa. Ulishtuka, ukateleza, binadamu. Lakini lile tambara! Kusema "safi" ni mdomo ulioteleza. Kuufuta mstari ni mkono, na mkono una muda wa kufikiri. Na tangu siku ile umekuwa na muda mwingi zaidi, ukautumia kumdanganya kuhusu rangi.

Shangazi yako mwambie nimemsikia, kisha muache hapo alipo. Ati ndege imeruka miaka yote haijaanguka. Kila kilichoanguka kilikuwa hakijaanguka mpaka siku ile! Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini aliyesema hivyo alikuwa na ukuta, ukuta ukibomoka unachanganya saruji ukaanza tena. Baba yako utamchanganya na nini? Heshima gani hiyo ya kumlindia jina huku unamfunga mkanda kwenye kiti cha ndege unayoijua kuwa mbovu? Umemwogopea aibu ukasahau kumwogopea kifo. Na daktari wa meno naye ana watu wanaomsubiri nyumbani, hata kama mkewe alikuwa anamgombeza.

Kuhusu kutoboa tairi, hilo nimelisoma mara mbili nikidhani sikuelewa. Tairi hubadilishwa kabla chai haijapoa, na ndege ikaruka. Wewe fundi, unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Umesema baba yako hajawahi kukuuliza unaonaje tangu uanze kushika spana. Miaka yote hajauliza. Kwa nini siku ile akauliza? Mtu anayeona hana haja ya kuuliza, binti yangu. Mzee Jicho anajua kwamba hana jicho. Alisema "safi" kwa sababu mgeni yuko mlangoni na jina lake kubwa limemkaba, akashindwa kusema sioni. Kisha papo hapo akaogopa, akageuka kwa mtu mmoja tu anayemwamini, akamwomba macho. Ndivyo ninavyolisoma mimi swali lile. Hakukuuliza ili umkubalie. Nawe ukamrudishia neno lake, na sasa anaamini kwamba yale asiyoyaona, wewe umeyaona, ndiyo maana anapanda bila hofu. Anapanda kwa macho yako.

Ninalotaka ufanye nalitaka leo, si kesho. Ukiisoma tu, nenda kwenye kile kindege ukauondoe ule mguu kwa mikono yako, uweke benchi. Ndege isiyo na mguu haiendi popote, hiyo ndiyo tairi ya kutoboa. Ivue ile manjano, paka dawa yako, puliza unga wako, mstari utarudi vile vile. Halafu mchukue baba yako peke yake, bila daktari, bila mafundi, bila shangazi. Usimhubirie. Shika kidole chake, kiweke pale penye ufa, umwambie, "Baba, uliniuliza naonaje. Naona ufa, unaanzia hapa unaishia hapa. Nilikuogopa nikadanganya." Akifoka, afoke. Akinyamaza, nyamaza naye. Usiondoke hapo mpaka aseme neno.

Daktari wa meno apigiwe simu leo hii aambiwe mguu una ufa, utakatwa na kuchomelewa upya. Yeye kila siku huwaambia watu jino limeoza, ataelewa. Na kile usichothubutu kukitaja nakitaja mimi: macho ya mzee hayakufifia siku ile. Mwaka mzima hana miwani, na mwaka huo ndege ngapi amezipitisha kwa kusema safi? Zote zisiruke mpaka uzikague wewe, na yeye mwenyewe awapigie simu wenye ndege hizo, kwa sababu wito ukitoka kwake jina lake litabaki limesimama. Wengine wakiwafikishia habari hiyo kabla yake, hapo ndipo atakapokuwa amevuliwa nguo sokoni.

Jumatatu mpeleke kwa daktari wa macho. Mimi si daktari na siahidi kitu, lakini ukungu wa namna hiyo mara nyingine ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, watu wakarudi kusoma magazeti yao wenyewe. Ikiwa siyo, bado ana mikono, ana sikio, na ana fundi mmoja mzuri ikiwa fundi huyo atajifunza kufungua mdomo. Na sheria ya karakana ibaki ilivyo. Bibi akishatengenezwa akawa safi kweli, kiti cha pili ni chako, mdomo uliosema safi na utangulie.

Nakupa nafasi mpaka chai ya asubuhi ya leo. Ukiwa hujasema, nitasema mimi, maana umeniambia gazeti hili huingia nyumbani kwenu na nani hulisoma.

Mama, shikamoo. Najua mimi na wewe hatupatani, na siku zote huniruka ukaenda kwenye vifo. Leo nimewaomba wanipange ukurasa huo huo wa vifo, usiniruke, usije ukamkuta mwenzako huko. Mume wako yuko mbele yako, kidole kimo kikombeni. Anza pale juu, msomee kwa sauti, polepole, barua nzima. Ukifika pale palipoandikwa "Na wewe unaonaje?", simama, umwite binti yako aje alijibu swali hilo mwenyewe.