Nyumba Yetu Isiyoitika Hodi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti limekupa nafasi walau ya kusali umesimama. Mimi mwili mzima. Kinachonisumbua ni aibu. Dada Mwanaidi akikusomea, mwambie kwanza awatoe watoto chumbani.

Yeye ndiye aliyeniuliza ni kazi gani hii ya kukaa kutwa mbele ya kompyuta. Tunajenga dunia ya maneno, mama. Kompyuta za miji mingi zimeunganishwa kwa nyaya za simu, na watu wasiojuana wanakutana humo. Picha hakuna. Mtu akiandika kwamba anaingia chumbani, mashine inamweleza kilichomo, na waliomo wanaona amefika, wanaanza kuzungumza naye. Kila mmoja wetu aliambiwa ajenge nyumba.

Mimi nikajenga yetu ya Makorora. Ilikuwa baada ya kushindwa kuja kumzika baba, nikaona angalau nikae nanyi kwa njia hiyo. Niliweka baraza, ukumbi, jiko la uani, hata sukari uliyokuwa ukiificha chini ya kitanda miaka ile ya foleni, ambayo nasikia sasa imejaa madukani. Kisha nikakuweka wewe, umekaa eda chumbani kwako. Nikakufundisha kumwuliza kila aingiaye, "Umekula, mwanangu?"

Basi nyumba ikapendwa kuliko zote. Wanaume wa nchi nisizozijua walipita moja kwa moja mpaka chumbani, wakaivuta sukari yako, wakakaa kitandani pako. Walikujibu upuuzi, nawe ukawauliza tena kama wamekula. Wenzangu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nilijiona fundi kweli kweli.

Juzi akafika mtu barazani, asiingie. Akaandika, "Hodi." Nyumba kimya. Akaandika tena, "Hodi wenyewe." Mama, nilikumbuka hata mlio wa mfuniko wa sufuria, nikasahau kuifundisha nyumba kuitikia hodi. Ikabidi nimkaribishe mwenyewe. Kumbe ni Zubeda, binti wa yule Mhindi wa duka la vitambaa pale Usagara, anayesoma Kanada. Aliijua nyumba kwa ile ngazi ya baraza iliyomeguka, nayo niliiandika.

"Nitaingiaje, Saidi?" akaandika. "Mamako yu edani, na wanaume wajaa chumbani! Huna haya wewe? Hata mlango hukumfungia?"

Kwetu hata sheikh alikupa pole kutoka nyuma ya pazia, nami mwanao ndiye niliyewafungulia wageni. Zubeda humwandikia mamake kila mara, kwa hiyo nimeona heri uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia arusini kwa watu.

Jana nimeifuta nyumba yote. Mkuu wangu amefoka, na sijui kama kazi ninayo bado. Kabla ya kuifuta niliingia chumbani, safari hii peke yangu. Ukaniuliza kama nimekula. Nililia, mama, kwa sababu maneno yale niliyaandika mimi. Wewe mwenyewe hujaniuliza chochote tangu baba azikwe bila mimi, na barua zote anaandika dada.

Nisalimie shangazi wa Nguvumali, mjomba na cherehani yake iliyomzeesha, na bibi jirani anayekuletea mkate wa kumimina. Mwambie dada asinitetee kwako; safari hii sistahili.

Nakuja, mama, kazi iwepo isiwepo. Nikifika nitasimama barazani, nje ya pazia, nipige hodi. Mlango naujua, lakini usipoitika sitaingia.

Ni mimi mwanao,
Saidi