Sinia la Bibi na Ndege ya Vita

Bibi yangu wa Mtwapa, shikamoo.

Nakuandikia nimekaa juu ya bawa la ndege. Usishtuke, hairuki. Ni ile ndege ya vita vya Wazungu uliyotuambia baba yako aliikuta porini, huku nyuma ya Magarini, nasi tukakucheka mpaka machozi. Tulifuata asali, tukaikuta imemezwa na miiba.

Nilipoingiza kichwa kuchungulia, mama mmoja wa Kigiriama alinipigia kelele: “Mbona hupigi hodi? Humo mna wenyewe!” Wenyewe ni kuku wake. Mmoja anaatamia kwenye kiti cha rubani, na alishanidonoa. Ikabidi nirudi nje, nipige hodi, ndipo nikakaribishwa.

Mgongoni mwa ndege pana tundu la duara, limekatwa kwa mkono. Ukingoni mwake pana safu ya vitundu vidogo, sawasawa na ile ya sinia lako la kuchagulia mchele. Bibi, nisamehe. Miaka yote hiyo ulisema kweli, kwamba baba yako alilikata huku.

Yule mama aliniuliza kama namjua aliyekata, maana mvua inawanyeshea kuku wake na anataka kipande chake kirudi. Nikamwambia kipo Mtwapa, na aliye nacho hatakitoa. Akacheka sana, akanipa mayai sita: “Mpelekee. Ayaweke kwenye sinia hilo hilo, yasijione yamehama.”

Nakuja nayo Jumapili. Mungu akupe umri mrefu, nawe upate kutucheka.

Mjukuu wako,
Zuhura