Hapa Kuna Jiwe

Mpendwa msomaji wangu,

Wengine watakaoiona barua hii watadhani ni wao ninaowaita hivyo, maana waandishi tuna mazoea ya kumwita kila mtu mpendwa msomaji. Waache wadhani. Wewe, Mutua, unajijua. Hakuna mwingine aliyewahi kusimama na kazi yangu mbele ya watu akaigongea meza.

Shule zimefungwa tena. Nimekaa peke yangu kwenye darasa langu la chekechea hapa Mashimoni, Kibera, kwenye kiti kidogo hadi magoti yanakaribia kidevu, na baridi ya Agosti inaingilia chini ya mlango. Likizo hii hunirudisha kwako hata nisipotaka. Ni Agosti kama hii tulipokutana, kwenye ile kambi ya waandishi kule Riruta Satellite, na hadi leo nacheka nikikumbuka nilivyofungasha. Sanduku la mama, shuka mbili, koti zito na dawa ya mbu, utadhani navuka mpaka, kumbe kutoka Kibera hadi pale ni mwendo wa kutembea. Wewe ndiye uliyekuwa umeibiwa likizo kabisa. Nyumbani kwenu Kawangware ni hapo tu, na Jumapili asubuhi ulitoka bwenini umejifunika blanketi kichwani.

"Manze, hii ni likizo gani? Bado namsikia pasta wetu akiitisha sadaka!"

Madam Tabitha, aliyetuandalia kambi ile, alikuwa na sheria moja: hakuna mtu kusoma kazi yake mwenyewe kwa sauti. Mwandishi akijisomea, alisema, anaziba mashimo kwa sauti tamu. Kwa hiyo tuliwekwa wawili wawili, kila mtu amsomee mwenzake. Mimi nikaangukia kijana wa duka la nafaka la mjomba wake, mwenye vumbi la maharagwe kwenye kola. Nilinuna waziwazi. Nilikuwa nimemtamani kijana mwingine, mrefu, mwenye miwani.

Jioni ya kwanza ukasimama na karatasi zangu. Nilikuwa nimeandika habari za mama, jinsi mtungi wa maji ulivyomponyoka mlangoni, maji yakamwagika yote, naye akatabasamu kwa upole. Ulisoma vizuri, taratibu, hadi hapo. Ukagonga meza kwa kidole.

"Hapa kuna jiwe."

"Jiwe gani?" nikauliza.

"Ticha, mathe ametoa hiyo maji kwa kioski. Amelipa. Amebeba mpaka kwa mlango. Imemwagika yote. Halafu ati anatabasamu? Mathe wa wapi huyo?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kesho yake nikaandika maneno ambayo mama aliyasema hasa siku ile, maneno ambayo pasta wenu hawezi kuyasikia, na ulipoyasoma hukugonga popote. Uliniangalia tu juu ya karatasi, ukaendelea. Yule wa miwani nilimsahau hapo hapo.

Baadaye ulinieleza kwamba neno lile ulilitoa dukani. Ilikuwa zamu yetu ya kusaidia jikoni, tumekaa nyuma kwenye kreti za soda tukitoa njegere kwenye maganda, na vidole vyako vilikwenda mbio kuliko vyangu. Ulisema wewe huyaamini maharagwe kwa macho, lazima mkono upite, kwa sababu mteja akiuma jiwe mara moja haonekani tena. "Hata stori ni hivyo," ulisema, ukanirushia njegere ikaingia kwenye nywele. Ilikaa humo hadi chakula cha jioni na hakuna aliyeniambia.

Nawe ulikuwa na yako. Uliandika sentensi ndefu zisizo na pa kupumzikia, nikawa nafika mwisho nahema.

"Mutua, kwani nukta ziliisha Kawangware?"

"Ziko, lakini bei imepanda."

Nikajifunza mahali unapovutia pumzi, nami nikawa navuta hapo hapo. Sijui kama kuna njia nyingine ya kumjua mtu upesi namna hiyo. Siku tulipotumwa mandazi kwenye maduka ya Satellite ulinishika mkono tuvuke barabara, ukasahau kuuachilia. Tulinunua, tukarudishiwa chenji, tukarudi hadi langoni, mkono bado uko kwako. Sikukukumbusha. Na yale manyunyu yaliyotukuta nyuma ya tangi la maji, na ulichofanya pale, sitayaandika kwa sababu mama atasikia barua hii. Nilifurahi. Hilo naliandika, na mama asikie.

Kisha ikaja siku ya mwisho. Kila mtu alikuwa ameandika kitu kipya, na mwenzake hakuruhusiwa kukiona kabla. Nilianza mimi na yako. Ilikuwa hadithi ya kijana anayeuza nafaka, aliyepata viza ya kwenda Doha kuwa soja wa kulinda lango. Nilisoma kwa mbwembwe, watu wakacheka pale anapojaribu kofia ya mlinzi mbele ya gunia la ndengu. Halafu nikafika pale kijana anaposema: Nasafiri wiki ijayo na sijui nitamwambiaje msichana wa Mashimoni.

Nilikatiza kusoma. Watu wakangoja. Madam Tabitha akashusha miwani yake.

"Vipi, Ticha? Kuna jiwe?"

Nilikutazama. Ulikuwa unaangalia viatu vyako.

"Hapana, Madam," nikasema. "Hakuna jiwe."

Nikamalizia kusoma. Ulishindwa kuniambia kwa mdomo wako, ukautumia wangu, na siku ile nilikuchukia kwa muda wa kama kurasa mbili. Kisha ikawa zamu yako, ukashika karatasi zangu, na hukujua kilichokuwa humo. Nilikuwa nimeandika kuhusu mwanamke anayemwambia mwanamume: Njoo Jumapili, mama anataka kukuona. Ni hayo tu, na samaki, na njia ya kufika. Sauti yako ilikatika kwenye neno Jumapili. Hukugonga meza hata mara moja.

Ukaja. Mama alikukaangia samaki, wewe uliyelelewa kwa mahindi ya muthokoi, ukapambana na miba huku ukisema hakuna shida. Ulipoondoka aliosha sahani, kisha akasema, "Huyo kijana amekula kama mtu wa safari." Sikuwa nimemwambia lolote.

Ulipofika Doha, mwanzoni umbali haukutusumbua. Nilikutumia kurasa, ukanirudishia ujumbe wa sauti, unasoma kwa kunong'ona ukiwa zamu kwenye lango la watu, na nyuma yako nasikia kiyoyozi kikinguruma. Ukifika pasipoaminika nasikia ukucha wako ukigonga simu, tak. "Jiwe, Ticha." Niliandika vizuri mwaka ule kuliko wakati wowote. Kisha ukaongeza mkataba. Kisha ujumbe ukawa mfupi. Kisha nikawa natuma na kubaki na tiki moja, siku baada ya siku, hadi nikaacha kuangalia. Nilipita dukani Kawangware. Mjomba wako alinipimia ndengu na kuniongeza kiganja kimoja kwa huruma. "Yuko poa," alisema. "Alibadilisha kampuni, akabadilisha namba. Hata sisi hutupigia mara moja moja." Basi si kwamba umekufa. Umenyamaza tu. Iliniuma kuliko nilivyotegemea, na nilipika zile ndengu nikilia kama mjinga.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo. Kuna mtu wa Kambi Muru, seremala, ndiye aliyetutengenezea madawati haya. Ni mtu mzuri, simsingizii sifa. Ameniuliza kama anaweza kuja na wazee wake kumwona mama, na nimemwahidi jibu kabla ya shule kufunguliwa. Mama anasema nimechelewa mno kufikiria. Na Madam Tabitha, ambaye anatuchapia kijitabu cha kambi yetu, ameniomba kazi moja itakayosomwa siku ya kukizindua. Nikaona niue ndege wawili kwa jiwe moja, na samahani kwa hilo jiwe. Nikuandikie barua ya kukuaga, isomwe hadharani, nikirudi nyumbani nimwambie seremala ndiyo.

Nimeiandika sentensi ile ya kukuaga kwanza, kabla ya haya mengine yote. Ni fupi, ina nukta, ungeipenda. Kisha nikaisoma kwa sauti humu darasani, nimevunja sheria, lakini hapakuwa na mwingine wa kunisomea. Nimeisoma kwa sauti ya ualimu. Nimeisoma polepole. Nimejaribu hata kuvuta pumzi mahali ambapo wewe ungevuta.

Kesho nitaenda Kambi Muru nimwambie yule seremala ukweli, kwa sababu hastahili kuuma jiwe ambalo mdomo wangu umeliuma leo. Sijui nitakachokuwa nimebaki nacho baada ya hapo. Mama atanuna. Wewe huenda hutaisikia barua hii kamwe, na ukiisikia huenda utaona haya tu. Bado natamani ningeisikia kwa sauti yako, hata kwa kunong'ona, hata na kiyoyozi nyuma.

Sheria ya Madam Tabitha ni ileile, kwa hiyo siku ya uzinduzi nitakaa nyuma na mtu mwingine atasimama mbele na karatasi hizi. Sijui ni nani. Nakuomba wewe utakayesoma, usiiruke sentensi ya mwisho na usiipambe. Jikinge na joto, Mutua, na ukirudi uje hata kama si Jumapili. Sentensi yenyewe ni hii:

Sikungoji tena.

Gonga meza hapo, wewe unayesoma.

Mimi msomaji wako,
Ticha wa Mashimoni